Mwanafunzi akishika kalamu nyekundu

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa Novemba 2022, vyuo na shule zimekuwa kama nyumba iliyoingiwa na nyoka, kila mtu kashika fimbo na kila mtu anapiga kona yake. Kuna waliorudisha mitihani ya kalamu na karatasi chumbani, kuna waliofufua mtihani wa mdomo, kuna walionunua programu za kunusa maandishi ya mashine (ambazo zenyewe zinakosea, zinamsingizia asiye na kosa na kumwachia mwenye nalo), na kuna kundi dogo lililokuja na kitu tofauti kidogo: stori za kuchagua njia. Mwanafunzi anafungua ukurasa kwenye simu, anakuta stori ambayo yeye ndo mhusika, kila baada ya aya mbili tatu anaulizwa utafanya nini, anabonyeza, na stori inageuka kulingana na alichobonyeza. Mada ya stori ni tathmini yenyewe: asaimenti, dedilaini, kudesa, fidibaki, maksi, kukata rufaa. Lengo ni mwanafunzi atafakari anavyopimwa na kwanini anapimwa hivyo, badala ya kusomewa kanuni za mitihani wiki ya kwanza ya muhula halafu azisahau wiki ya pili.

Kinachonifanya niandike ni jinsi hii kitu inavyoeleweka vibaya, na inaeleweka vibaya na pande zote mbili. Wanaoipenda wanasema inafanya tathmini iwe tamu, vijana wamekulia kwenye simu tuwafuate huko huko. Wanaoichukia wanasema elimu imegeuzwa kituo cha burudani. Sasa ukiangalia vizuri wote wanaongelea utamu, mmoja anausifia mwingine anauogopa, wakati utamu sio ishu kabisa hapa. Msimamo wangu ni huu: stori ya kuchagua ina faida moja kubwa kwenye swala la tathmini, nayo ni kumtoa mwanafunzi kwenye benchi la anayesahihishwa na kumkalisha kwenye kiti cha anayesahihisha, aamue, akosee kuamua, halafu uamuzi wake umrudie usoni. Stori isiyofanya hivyo ni hotuba yenye vitufe. Na ile inayofanya hivyo ukaiwekea maksi, umeiua siku hiyo hiyo.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Wazo lenyewe ni la zamani. Katikati ya miaka ya 1970 Will Crowther, mwandishi wa programu Mmarekani ambaye pia alikuwa mtu wa kutambaa mapangoni, alitengeneza gemu ya maandishi matupu, we unaandika amri ya neno moja au mawili na kompyuta inakujibu umefika wapi ndani ya pango. Don Woods akaipanua 1977, ikasambaa kwenye kompyuta za vyuo. Stori za kujichagulia njia zikaingia hadi kwenye vitabu vya watoto, ila kuzitengeneza kwenye kompyuta ilibaki kazi ya wajuzi kwa miaka mingi. Kilichofungua mlango kwa mwalimu wa kawaida ni Twine, programu ya bure aliyoitoa Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika kipande cha stori kama unavyoandika meseji, ukitaka neno liwe mlango wa kwenda kipande kingine unalizungushia mabano ya mraba mawili mawili kila upande, basi, umeshatengeneza chaguo. Ukimaliza inakupa faili moja inayofunguka kwenye brauza yoyote, hata intaneti ikiwa imekata. Sisi ukisema paukwa msikilizaji anaitikia pakawa, anashiriki kweli, lakini sungura atafanya alichopangiwa kufanya hata uitikie kwa sauti namna gani. Huku msikilizaji ndo sungura.

Sasa kwanini tathmini? Kwa sababu ni kitu ambacho mwanafunzi anafanyiwa maisha yake yote bila kukiona kwa ndani. Mtu anaingia chuo akiwa ameshafanya mitihani na majaribio mamia, na hajawahi hata siku moja kushika karatasi ya mtu mwingine akaamua hii ni 12 au ni 14 na akaulizwa kwanini. Mwaka 1989 Royce Sadler, mtafiti wa Australia, aliandika jambo ambalo mpaka leo walimu wengi tunalipita juu juu: ili mwanafunzi aboreshe kazi yake lazima ajue kazi nzuri inafananaje, tena ajue karibu sawa na mwalimu anavyojua, lazima aweze kulinganisha kazi yake na hiyo, na lazima awe na mbinu za kupunguza hilo pengo. Sisi tunampa la kwanza kwa maneno tu. Tunambandikia mwongozo wa kusahihisha wenye mistari kama "uchambuzi wa kina" na "hoja zilizojengwa vizuri" tukidhani tumemaliza, na mwanafunzi anasoma anasema sawa, maana kila mtu anaamini uchambuzi wake una kina. Haya maneno hayana maana mpaka umesoma kazi ambayo haina hicho kina, ukachoka, ukarudia kuisoma, ukajikuta unatafuta hoja iko wapi na huioni.

Na fidibaki je? Tunaandika maoni pembeni ya karatasi hadi mkono unauma, mwanafunzi anafungua, anaona 11 kati ya 20, anafunga. Hasomi. Sio uvivu tu. Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba watoto waliopewa maoni bila maksi walifanya vizuri zaidi baadaye kuliko waliopewa maksi peke yake, na kuliko waliopewa maksi pamoja na maoni, yaani ile namba ikikaa pembeni ya maneno inayameza maneno. Kluger na DeNisi wakaja 1996 wakakusanya matokeo ya tafiti za fidibaki, vipimo 607 kwa jumla, wakakuta kwa wastani fidibaki inasaidia lakini zaidi ya theluthi moja ya mara ilishusha ufanisi. Ilishusha! Na maelezo yao, kwa kifupi, ni kwamba fidibaki inapomfanya mtu aanze kujifikiria yeye mwenyewe, mimi ni bora au mimi ni zuzu, anaiacha kazi na kuanza kuuguza nafsi. Hapo ndo stori inapata nafasi yake, maana kwenye stori kidonda sio cha kwako moja kwa moja. Unaweza kuangalia maksi mbaya ya mhusika, au maksi mbaya uliyompa mhusika, bila damu kukupanda.

Lakini hiyo nafasi inaharibiwa kirahisi sana na mimi najua kwa sababu nimewahi kuiharibu. Nilitengeneza stori yangu ya kwanza kwa madaha kabisa, skrini kama 60 hivi, mwanafunzi ni saa tano na robo usiku, asaimenti inafungwa saa sita, ukurasa mtupu, rafiki anamtumia ya kwake "uangalie tu mfano". Chaguo tatu: kukopi, kuomba muda zaidi, au kuandika ulichonacho na kutuma. Ukikopi unakamatwa, unaitwa kwenye kamati, unalia. Ukiomba muda mwalimu anakuelewa na anakusifu kwa uaminifu wako. Darasa zima likabonyeza njia ya mtoto mwema, wakamaliza ndani ya dakika sita, na kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza swali moja tu: "Hii inahesabiwa?" Nikajibu hapana, nikaona simu zinarudi mifukoni. Nilichokuwa nimeandika ni kanuni za mitihani zilizovaa nguo za stori, na watu walioanza kufanya mitihani wakiwa na miaka saba wanajua kunusa jibu linalotakiwa kutoka umbali wa kilomita. Dhambi kubwa ya stori hizi ndo hiyo, mwandishi anajua jibu na msomaji anajua kwamba mwandishi anajua.

Toleo la pili nililigeuza. Mhusika akawa msaidizi wa kusahihisha, ana karatasi tano, mbili kati yake ndo za maana. Ya kwanza lugha inateleza, aya zimepangwa, ina maneno kama "hivyo basi" na "kwa muktadha huo", ukiisoma haraka unatikisa kichwa kukubali. Ya pili imejaa makosa ya tahajia, sentensi zinagongana, aya moja inachukua ukurasa mzima, ila katikati ya huo mchafuko mwandishi ameona kitu ambacho hata swali halikukiona. Toa maksi kati ya 20. Wengi wanaipa ya kwanza 15, ya pili 9. Skrini inayofuata haiwaambii wamekosea, inawaambia: andika sentensi moja ya kumweleza mwenye karatasi ya kwanza ni hoja gani aliyotoa. Hapo vidole vinasimama. Wanarudi nyuma kuisoma tena (stori inaruhusu kurudi, na hilo ni muhimu), hawaikuti hoja, na wanabaki na 15 yao mkononi. Halafu inawauliza unataka kubadilisha? Na ukibadilisha ya kwanza kuwa 10, utafanyaje na zile zingine tatu ulizosahihisha kwa mkono ule ule kabla ya chai? Nilimwona binti mmoja ameshika simu kwa mikono miwili kama anataka kuikamua. Hakuna mhadhara wa dakika 50 kuhusu umbo na hoja ambao ungemfanya aishike simu hivyo.

Hapa nichomekee kidogo upande wa ufundi, maana watu wanadhani stori ya aina hii inahitaji matawi yasiyo na mwisho na ndo maana wanakata tamaa mapema. Kama kila skrini ina machaguo mawili na kila chaguo linakwenda sehemu yake peke yake, ukifika hatua ya 10 unahitaji miisho 1,024. Hakuna mwalimu ataandika hiyo. Wanaojua kazi wanafanya matawi yaachane kisha yakutane tena, huku programu ikikumbuka ulichochagua, kwa hiyo kila mtu anafika kwenye kikao cha kupitisha maksi lakini aliyetoa 15 bila kusoma anakutana na maneno tofauti na aliyetoa 10 baada ya kurudia. Skrini 30 zenye kumbukumbu nzuri zinatosha. Na kwa mada yetu huu ufundi una faida ya ziada, kwa sababu tathmini halisi iko hivyo hivyo, maamuzi madogo ya asubuhi uliyoyasahau yanakuja kukusubiri mezani jioni.

Turudi kwa wapinzani. Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni kwamba stori ni za watoto na mtu wa chuo apewe kanuni asome. Jamani. Shule ya sheria ya Harvard imekuwa ikifundisha kwa kesi tangu Langdell aingie kama mkuu wake 1870, na kesi ni nini kama sio stori ya watu wawili waliogombana na wewe unaulizwa ungeamuaje? Marubani wamekuwa wakiruka ndege za kuigiza tangu Edwin Link atengeneze kifaa chake mwishoni mwa miaka ya 1920, wanaanguka, wanafufuka, wanaruka tena, na hakuna abiria anayelalamika kwamba rubani wake alicheza mchezo. Fani zote ambazo makosa yake yanaumiza watu zimegundua kwamba uamuzi haufundishwi kwa orodha. Kutoa maksi ni uamuzi, kuamua ukopi au usikopi ni uamuzi, kusoma fidibaki au kuifunga ni uamuzi, sasa kwanini hizi peke yake tudhani zitafundishika kwa karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani?

Hoja ngumu ni nyingine. Ya kwanza ni kwamba mtu anachokifanya ndani ya stori sio atakachokifanya saa tano na robo usiku wa kweli akiwa na usingizi na mkopo wa ada unamngoja. Hii ni kweli na sina jibu la kuimaliza. Kwenye stori kila mtu ni shujaa, na hata rubani wa kifaa cha kuigiza anajua kwamba hafi. Ninachoweza kusema ni kwamba hoja hii inaziua stori za maadili, zile za usidese, kuliko inavyoziua stori za kiti cha msahihishaji. Mwanafunzi aliyeahidi ndani ya gemu kwamba hatakopi amebeba ahadi tu, na ahadi inayeyuka. Ila aliyetafuta hoja kwenye karatasi ya mtu akaikosa amepata jicho, na jicho hilo atakwenda nalo kwenye kazi yake mwenyewe atake asitake, atasoma aya yake na kujiuliza "kwani hapa nimesema nini?" Ndo maana nikipewa muda wa stori moja tu nitaacha ya kudesa na kuchukua ya kusahihisha, ingawa wakubwa mara nyingi wanataka kinyume chake, wanataka ya kudesa kwa sababu ndo inayowaumiza kichwa kwenye vikao.

Ya pili, na hapa nataka kukaa kidogo, ni tafakuri ya kuigiza. Kuna mtindo ulioenea kweli kweli wa kumwambia mwanafunzi aandike tafakuri halafu tafakuri yenyewe inasahihishwa, asilimia 10 ya kozi au zaidi. Matokeo yake kila mtu anajua. Mwanafunzi anaandika alivyokuwa haelewi, alivyopambana, alivyopata mwanga, na sasa yeye ni mtu mpya, kitubio kamili chenye mwanzo, kati na mwisho, na wengi hawajatafakari chochote, wamejifunza tu umbo la kitubio (na sasa hivi hata hilo umbo wanamwachia mashine iwaandikie, mashine inatubu vizuri kuliko wao). Hatuwezi kuwalaumu, tumewalipa kwa machozi wakatuletea machozi. Sasa mtu anapochukua stori ya kuchagua na mwishoni anaweka fomu ya "andika ulichojifunza, maneno 500, itahesabiwa", anarudi palepale. Mwanafunzi akijua inahesabiwa ataanza kucheza kwa ajili ya anayemwangalia, atachagua njia ya mtoto mwema, na ile nafasi ya kutoa 15 kizembe kisha kuumbuka mwenyewe kimya kimya inakufa, wakati kuumbuka kimya kimya ndo kazi yote. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba kisichohesabiwa hakifanywi, na yule kijana wangu wa "hii inahesabiwa?" ni shahidi wao namba moja. Lakini naye alirudisha simu mfukoni kwa sababu stori ilikuwa mbovu. Toleo la pili halikuhesabiwa pia na hakuna aliyeniuliza.

Ya tatu inaendana na hiyo: kumbukumbu za machaguo. Mifumo mingi ya kufundishia mtandaoni inapenda kurekodi kila mbonyezo, nani alibonyeza nini na alikaa sekunde ngapi. Fikiria mwanafunzi aliyechagua kukopi ndani ya stori, kwa udadisi tu wa kuona kitakachotokea, halafu mwezi ujao anashukiwa kwenye asaimenti ya kweli na kuna mtu kamati ya nidhamu ana ile rekodi. Utaniambia haiwezi kutokea, mi nitakuambia data ikishakuwepo mtu wa kuitumia huwa anapatikana. Dawa yake bahati nzuri ni nyepesi, lile faili moja la Twine linaweza kuchezwa kwenye simu ya mwanafunzi bila kutuma kitu popote. Sasa ukiona chuo kinang'ang'ania lazima stori ipitie kwenye mfumo unaorekodi, uliza wanataka rekodi ya nini.

Kuna na hili jipya, la kuiachia akili mnemba iwe msimulizi. Hakuna matawi ya kuandika, mwanafunzi anachat na "mwalimu" au "mwenzake" wa kubuni na stori inajitengeneza hapo hapo. Inavutia, na kwa mwalimu aliyechoka inavutia zaidi. Ila kumbuka ELIZA, ile programu ya Joseph Weizenbaum ya 1966 pale MIT, ambayo ilikuwa inageuza tu maneno yako kuwa maswali, na bado katibu muhtasi wake, aliyejua ni programu, akamwomba atoke chumbani aongee nayo peke yake. Watu tunafungukia mashine haraka, hilo ni zuri kwa tafakuri, lakini mashine za sasa zina tabia ya kukubaliana na wewe, ukiipa 15 karatasi isiyo na hoja na ukajieleza vizuri itakuambia mtazamo wako una mashiko. Tafakuri inahitaji ukuta wa kugonga. Na kuna sababu nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko hiyo: kila mwanafunzi akipata stori yake, darasa halina kitu cha kujadili. Stori iliyoandikwa na mtu ina njia panda zilezile kwa wote, kwa hiyo mkikutana mnaweza kuulizana we pale ulitoa ngapi, kwanini, mbona mimi. Mimi naigawa hivi, stori dakika 20, mjadala dakika 40, na nikibanwa na muda napunguza stori.

Gharama sitaiongelea sana. Inachukua muda kuandika, ndiyo, jioni kadhaa, na ukishaandika inatumika miaka. Wanafunzi wenye uoni hafifu wanaisoma vizuri kwa visomaji vya skrini kuliko gemu za picha kwa sababu ni maandishi matupu. Tuendelee.

Kinachonisumbua ni kitu ambacho wanaozileta hizi stori naona hawajakiangalia, labda kwa makusudi. Ukimkalisha mwanafunzi kwenye kiti cha msahihishaji huwezi kumchagulia atakachokiona akiwa hapo. Mwaka 1912 huko Marekani Starch na Elliott walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza, wakazinakili na kuzipeleka shule nyingi, walimu 142 wakazisahihisha kila mmoja kwake, kwa alama 100. Karatasi moja ilipata kuanzia 64 hadi 98, nyingine kuanzia 50 hadi 97. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa jiometri, ambako watu walidhani jibu ni jibu, tofauti ikawa kubwa zaidi. Zaidi ya miaka 100 imepita, tumeleta miongozo, tumeleta wasahihishaji wa pili na wakaguzi kutoka nje ya chuo, na bado mwalimu yeyote mkweli anajua kwamba karatasi ya tano asubuhi na karatasi ya 80 usiku hazikusomwa na mtu yule yule. Wanafunzi wetu hawaambiwi hili. Wanaambiwa maksi ni maksi.

Kwa hiyo tuwe wakweli kuhusu tunachokianzisha. Chuo kinachotaka stori hizi ili wanafunzi wajitafakari wao, makosa yao, uvivu wao, nidhamu yao, halafu mfumo wa kutoa maksi ubaki umekaa palepale haujaguswa, kinataka kitu ambacho stori nzuri haitakipa. Kitahitaji mlango wa rufaa unaofanya kazi kweli na fidibaki inayotaja hoja badala ya "boresha zaidi", na walimu wakubali kucheza stori hiyo hiyo pamoja na wanafunzi na kusema namba zao hadharani, jambo ambalo nimeliona likikataliwa na watu ninaowaheshimu sana, kwa kicheko, lakini likakataliwa.

Lile darasa langu la toleo la pili, tulipoandika ubaoni maksi walizotoa kwa ile karatasi yenye makosa ya tahajia, zilianzia 6 zikafika 17. Karatasi moja, watu wa darasa moja, mwongozo mmoja. Walicheka kwanza, wakataniana, aliyetoa 6 akaanza kujitetea. Halafu nyuma kule kuna mmoja hakucheka, alikuwa anaangalia zile namba tu, na akasema taratibu, "Mwalimu, ile yangu ya muhula uliopita uliyonipa 8, uliisoma saa ngapi?" Nikamwambia alete, tuisome tena wote wawili. Aliileta kesho yake, imekunjwa mara nne, na maoni yangu pembeni yalikuwa maneno mawili.